Kufunga mkono na mashine ya presha kabla ya operesheni ya moyo, kweli inaokoa figo?

NyarMilimani · Kisumu

Wadau habari zenu. Niko na swali na naomba wenye wanajua wanijibu polepole, mimi si mtu wa hospitali. Mama yangu ana miaka 61, valvu moja ya moyo imeharibika, wanasema ilianza na kuumwa koo utotoni haikutibiwa vizuri ikaishia kwa moyo, sasa amepangiwa operesheni ya kubadilisha hiyo valvu. Juzi tulionana na daktari wa usingizi akatueleza mambo mengi lakini yenye ilinikaa kichwani ni vile alisema moyo utasimamishwa, damu izungushwe na mashine, na kwa huo muda figo zinaweza kukosa damu ya kutosha, kuna watu huamka moyo uko sawa lakini figo zimelala. Mama presha anayo, sukari pia anayo kidogo, so nikaogopa.

Sasa binamu yangu mwenye ako Marekani ametuma klipu kwa grupu ya familia, inasema kuna njia ya kuzuia hiyo bila dawa bila kudungwa. Unavalisha mtu ile kitambaa ya kupima presha kwa mkono, unajaza upepo mpaka mkono unakosa damu dakika tano, unaachilia dakika tano, unarudia, eti figo zinapata habari zinajipanga. Kwanza nilicheka. Mkono na figo wapi na wapi? Lakini klipu ilikuwa na daktari mwenye ameshika karatasi za utafiti, haikuwa ya wale wa maombi.

Nyumbani tuko na mashine ya presha, ile ya betri ya kubonyeza. Naweza kuanza kumfanyia mama jioni jioni mpaka siku ifike? Na kama hiyo ni upuzi, kuna kitu gani ingine ya kulinda figo yenye haihusu kukata mtu? Wa kuuza dawa tafadhali kaeni kando.

SistaWaTheta · Nakuru

Dada pole na hizo wasiwasi, nimefanya theta (chumba cha operesheni) miaka mingi wacha nikuambie vile najua. Hiyo kitu si upuzi, iko. Lakini usifanye nyumbani, nitakueleza kwa nini.

Kwanza elewa shida yenyewe. Figo mbili pamoja hazifiki hata nusu kilo lakini zinapokea karibu robo ya damu yote yenye moyo unapiga. Ziko na mahitaji makubwa, halafu ile sehemu ya ndani ya figo hata siku ya kawaida inaishi na oksijeni kidogo sana, iko kwa ukingo tayari. So damu ikipungua kidogo tu, presha ikishuka, mtu akivuja damu mingi, ama akiwa kwa ile mashine ya moyo yenye inasukuma damu bila mpigo wa kawaida, hiyo sehemu ndio inaumia kwanza. Na kuna kitu watu hawajui, madhara haiishii damu ikikosekana. Damu ikirudi ndio seli zingine zinaharibika zaidi, oksijeni inaingia kwa seli zenye zilikuwa zimekosa pumzi zinatoa kemikali za sumu, seli nyeupe zinakimbia hapo zinavimbisha kila kitu. Kwa hivyo ni kuumia mara mbili.

Sasa mambo ya mkono. Wazo ni kwamba kiungo kikikosa damu kidogo kidogo, bila kufika kuumia, kinatoa ujumbe kwa damu na kwa neva, viungo vingine vinajitayarisha, ni kama chanjo hivi. Utafiti wenye niliusoma wanafanya mtu akiwa AMESHALALA kwa meza ya theta, wanajaza kitambaa hadi 200 ama angalau 50 juu ya ile presha yake ya juu, dakika tano, wanaachilia dakika tano, mara tatu. Umewahi kaa na mkono umefungwa kwa 200 dakika tano ukiwa macho? Jaribu dakika mbili ndio utajua, vidole vinakufa ganzi, mkono unageuka rangi, unataka kulia.

Mashine yako ya betri haiwezi hata kama unataka, ikishasoma namba inatoa upepo yenyewe, haishikilii. Na ukinunua ile ya kupampu na mkono, mama ni mgonjwa wa valvu, kama ako kwa dawa ya kufanya damu isigande utamwachia mkono umevilia damu wote. Halafu hata ukifanikiwa, hiyo kinga haikai, inafanya kazi masaa machache ya kwanza halafu inarudi tena kwa siku moja hadi tatu hivi. Kumfanyia mwezi mzima kabla ni kumsumbua tu.

mzizi_asili · Busia

Dada niko na dawa ya kusafisha figo, ni mizizi na majani, unachemsha anakunywa siku 14, figo zinakuwa mpya kabisa. Nicheki inbox

CO_Kakamega · Kakamega

@mzizi_asili alisema wale wa kuuza dawa wakae kando na bado umekuja 😂

NyarMilimani, kwa heshima zote kwa wazee wetu wa mitishamba, wiki za kabla ya operesheni sio wakati wa kumpa mama kitu chenye hakuna mtu anajua ndani kuna nini. Kuna mimea inaunguza figo moja kwa moja, hiyo imeandikwa na imejulikana, na zingine zinafanya damu isigande. Tafadhali.

Mimi nataka kukuuliza kitu moja ya maana kuliko ya mkono. Mama anameza nini? Zote, sio zile tu za kliniki. Miaka 61, mama wa huku kwetu, najua magoti yanauma. Anatumia nini ya magoti?

NyarMilimani · Kisumu

@CO_Kakamega aki umenitoa jasho. Nimeenda nikamuuliza akasema hatumii kitu. Nikafungua mkoba wake wa kanisa. Kuna bahasha mbili za kaki za kemist, moja iko na tembe nyekundu ndogo, ingine mchanganyiko, za njano na nyeupe, kumeandikwa na kalamu 1x3 basi, hakuna jina. Anasema ni za "mifupa" anamezanga akitoka shamba ama akisimama sana kwaya. Za presha ni enalapril na ile ya kukojoa. Za sukari metformin.

CO_Kakamega · Kakamega

Hapo sasa. Hiyo ndio vita yako dada, sio mkono.

Siwezi jua tembe kwa rangi, lakini dawa za mifupa zenye zinauzwa kwa bahasha mara nyingi ni diklofenaki ama ibuprofeni, wakati mwingine wamechanganya na steroidi ndio mtu asikie nafuu haraka arudi kununua. Dawa za aina ya diklo zinafunga ile mishipa midogo yenye inaingiza damu kwa figo. Enalapril nayo inalegeza mshipa wa kutoka. Ile ya kukojoa inapunguza maji mwilini. Ukiweka zote tatu pamoja presha ndani ya figo inaanguka, kabla hata mtu afike theta figo tayari ziko na njaa ya damu. Hii tunaona kila wiki, mtu anakuja ameharisha siku mbili, ameendelea kumeza zote tatu, kreatinini (kipimo cha damu chenye kinapanda figo zikishindwa) iko juu na mkojo ni kidogo na mweusi kama chai ya rangi.

LAKINI usimsimamishie dawa za moyo na presha wewe mwenyewe, hiyo pia inaweza kumuua. Enalapril wengi huisimamisha kabla ya operesheni lakini siku gani ni daktari wa usingizi anaamua. Metformin pia watakuambia. Na kama kwa bahasha kuna steroidi na amezimeza muda mrefu, pia haitakikani akate ghafla bila daktari kujua. Wewe beba hizo bahasha mbili vile ziko, uwape. Usione aibu, na mama asione aibu, mwambie hakuna mtu atamgombeza. Na ajue hata akitoka hospitali bado diklo ni mwiko kwake.

Biokem_Maseno · Maseno

Nimefurahia hii mjadala, naongeza upande wa utafiti kwa sababu naona watu wanasema "iko" bila kusema imefika wapi.

Historia ni hivi. 1986 watafiti Marekani walifunga mshipa wa moyo wa mbwa dakika tano tano mara nne, halafu wakaufunga kabisa dakika 40. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile ya mbwa wenye hawakuandaliwa. 1993 wengine wakaonyesha kwamba ukifunga mshipa mmoja, hata sehemu ya moyo yenye inalishwa na mshipa mwingine inapata kinga. Hapo ndio watu wakaanza kuuliza, kama ni hivyo, mbona nisifunge tu mkono?

2015 Wajerumani, timu iliongozwa kutoka Münster, walichukua wagonjwa 240 wa operesheni ya moyo wenye figo zao ziko kwa hatari kubwa, nusu wakafungwa mkono kikweli nusu wakafanyiwa ya kuigiza. Wenye walifanyiwa ya kuigiza asilimia 52.5 waliumia figo, wenye walifungwa kikweli ni 37.5. Waliohitaji dayalisisi (damu kusafishwa na mashine) walishuka kutoka 15.8 hadi 5.8. Hiyo ndio binamu yako aliona bila shaka, na namba ni tamu kweli.

Sasa yenye klipu haikusema: mwaka huohuo zikatoka mbili kubwa zaidi, moja Uingereza watu 1612, ingine Ujerumani karibu 1400, wote operesheni ya moyo, na hakukuwa na tofauti yoyote ya maana, si kwa vifo, si kwa figo. Mkono ulifungwa, hakuna kitu. 2017 Cochrane, wale wa kukusanya na kupima tafiti za matibabu, wakakusanya tafiti 28 zenye watu zaidi ya 6,800 wakasema kwa figo inaleta tofauti ndogo sana ama haileti kabisa.

Kwa nini panya na mbwa wanapona na binadamu hapana? Kuna ubishi. Kwa zile mbili kubwa karibu wagonjwa wote walipewa propofoli ya kulala na kuna ushahidi inaziba hiyo ujumbe ya kutoka mkononi. Pia mgonjwa wa kawaida ana miaka 65 na sukari na presha na dawa tano, panya wa maabara ni kijana mwenye afya. Maoni yangu ni kwamba hii kitu inafanya kazi kwa watu fulani na bado hawajajua kuwachagua. Kwa ile ya Münster waliona wenye walipata kinga ni wale mkojo wao ulionyesha alama fulani zimepanda mara tu baada ya kufungwa, yaani seli za figo zilikuwa zimesimamisha kujigawa kwa muda zikangoja. Wenye alama hazikupanda hawakufaidika. Kwangu hiyo ndio sehemu tamu kuliko zile asilimia.

wuod_kano · Ahero

@Biokem_Maseno kwani hakuna ingine? Nilisikia kuna ya kupiga na mawimbi kama ile ya wamama wajawazito

Biokem_Maseno · Maseno

@wuod_kano iko bro, lakini ni ya panya. Timu moja ya Chuo Kikuu cha Virginia, 2013. Walipiga panya na altrasaundi, siku moja baadaye wakafunga mishipa ya figo wakaachilia, na figo hazikuharibika vile zilitakikana. Ukiuliza figo zililindwaje jibu ni bandama! Wakitoa bandama kinga inapotea. Inaonekana mawimbi yanaamsha njia fulani ya neva, neva inaambia bandama, bandama inatuliza seli nyeupe zisiende kuvimbisha figo. Baadaye wakaonyesha kwamba ukichochea neva ya vagasi (ile ndefu ya kutoka ubongo hadi tumboni) kwa umeme kidogo unapata kitu inafanana. Ni nzuri sana kusoma lakini usiende kwa mtu wa skani pale Kisumu mjini umwambie apige mama bandama 😅 haijafika huko.

Kata_Miwa · Muhoroni

Mnaongea operesheni lakini huku kwetu figo zinakosa damu bila theta. Jua la saa saba, mtu anakata miwa tangu alfajiri, maji nusu lita, jioni mgongo unauma anameza diklo mbili analala. Kesho tena hivyo hivyo. Nilisoma wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador vijana wadogo wanakufa figo bila sukari bila presha, joto na kukauka maji inashukiwa sana na huko wameanza kulazimisha kivuli na maji na mapumziko. Hapa nani atakuwekea kivuli. Samahani nimetoka nje ya swali la dada.

SistaWaTheta · Nakuru

@Kata_Miwa hujatoka nje hata kidogo, ni ugonjwa wa njia moja.

Narudi kwa NyarMilimani. Uliuliza kama si mkono ni nini. Jibu halina utamu, ni mambo madogo mengi. Hao watu wa Münster wenyewe 2017 walichukua wagonjwa wenye mkojo wao baada ya operesheni ulionyesha figo zinaanza kulalamika, nusu wakafuatiwa kwa makini: presha na maji vimepimwa vizuri, sukari isipande, zile dawa za kundi la enalapril zisimamishwe kwa muda, dawa za kuunguza figo zisiguswe. Walioumia figo walishuka kutoka asilimia 71.7 hadi 55.1. Hakuna mashine mpya hapo, ni watu kufanya kazi yao bila kuruka kitu.

Yenye imezidi kunifurahisha ni ya 2024, dripu ya amino asidi, yaani protini iliyovunjwa, inapewa kwa mshipa tangu theta hadi siku tatu. Ilijaribiwa kwa watu 3511 wa operesheni ya moyo, kuumia figo kukawa 26.9 dhidi ya 31.7. Inafungulia figo akiba yake ya kupitisha damu. Ni dripu kwa hivyo si ile ya "bila kudungwa" lakini mama atakuwa na laini kwa mkono anyway. Dayalisisi haikupungua kwa maana, nisikudanganye. Uliza kama wako nayo, wakisema hapana usikasirike, si kila mahali.

Na kuna zenye zilijaribiwa zikaanguka, ukisikia mtu anakuuzia jua: dopamini ya kiwango kidogo, tulikuwa tunaiweka zamani eti ya figo, haikusaidia. Dawa ya kukojoa inaleta mkojo lakini hailindi figo, mfuko unajaa nyinyi mnafurahi na kreatinini inapanda.

Baba_Chela · Eldoret

Mimi mzee wangu alipitia hii, sitasema ni hospitali gani. Operesheni ilienda sawa. Usiku wa kwanza mkojo ukawa kidogo, mimi nilikuwa nauona ule mfuko hapo chini ya kitanda, laini ilikuwa haijasonga tangu saa moja jioni mpaka karibu saa tano, nikaambiwa ni kawaida mzee amechoka. Asubuhi kreatinini ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Alifanyiwa dayalisisi mara kadhaa halafu figo zikaamka zenyewe, saa hii anachunga ng'ombe. Kwa hivyo dada hata ikitokea usikate tamaa, figo ya kukosa damu mara nyingi inarudi, si kama ile ya sukari ya miaka mingi. Lakini mtu wa kuangalia mkojo awe nyinyi pia.

SistaWaTheta · Nakuru

@Baba_Chela pole sana na shukuru Mungu mzee ako. Na uko sawa, mkojo ndio unaongea kwanza, kreatinini inachelewa siku nzima au zaidi. Hesabu ni nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa. Mama wa kilo 70 ni 35 kwa saa. Ikikaa chini ya hapo masaa sita mfululizo hiyo tayari inahesabika kama figo imeumia, hata kama labu haijasema. Hawatawaruhusu kukaa ICU usiku kucha lakini wakati wa kuona mgonjwa uliza tu kwa upole, "sista, mkojo wake kwa saa ni ngapi?" Sisi tukiulizwa hivyo tunajua huyu mtu anajua, hatukasiriki, wengi wetu.

Kabla ya siku yenyewe: mwambie daktari wa usingizi sukari yake inasoma ngapi, umpe bahasha, uulize kreatinini ya sasa ni ngapi uiandike, na kama amepigwa skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa hivi karibuni, uliza kama figo zipewe siku za kupumzika kabla ya kuingia theta. Kufunga kula kuwe kwa masaa yenye wamesema, sio mama akatae maji tangu jana asubuhi kwa sababu ya imani, wengi hufika kwetu wamekauka. Na ukitaka kuuliza ya mkono uliza, hakuna dhambi, kuna madaktari wanaifanya kwa sababu haina gharama na madhara ni kidogo mtu akiwa amelala. Wakikataa pia wako na sababu, kijana wa Maseno amekueleza.

NyarMilimani · Kisumu

Asanteni sana sana, nimesoma zote nikasomea mama za @CO_Kakamega akanuna lakini bahasha ametoa, kumbe kulikuwa na ya tatu kwa kabati ya vikombe. Kliniki ni Jumatano. Binamu nimemtumia namba za Uingereza, amesema atasoma. Swali moja ya mwisho, kwa maumivu ya magoti sasa mpaka operesheni apewe nini? Analia usiku.

CO_Kakamega · Kakamega

Paracetamol, gramu moja asubuhi mchana jioni kama uzito wake ni zaidi ya kilo 50 na ini haina shida, isizidi hapo, na uangalie kwa hizo bahasha hakuna ingine ndani asimeze mara mbili. Kama ako kwa ile dawa ya damu isigande waambie kliniki unampa kila siku kwa sababu inaweza kusukuma kipimo cha damu. Maji moto kwa kitambaa usiku. Ya kupaka ya diklo pia usimpe kabla hujawauliza hiyo Jumatano, inaingia kidogo kwa damu lakini inaingia.